Hadithi za Kutisha na Sikio la Msikilizaji: Mfano wa Panda (Likasi)

Utangulizi

Mwaka 1935 nchini Uingereza vilitolewa vitabu vya kwanza vya kusikilizwa, vilivyosomwa kwa sauti na kunaswa katika sahani za santuri kwa manufaa ya watu wasioona, wakiwamo askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Miongoni mwa vitabu hivyo vya mwanzo kabisa kilikuwamo kimoja cha mauaji na upelelezi, nacho ni The Murder of Roger Ackroyd cha Agatha Christie, riwaya ambayo fumbo lake limefichwa ndani ya sauti ya msimulizi mwenyewe. Huenda kitabu hicho kiliteuliwa kwa kuwa kilipendwa na wengi tu. Hata hivyo uteuzi huo unadokeza jambo ambalo wapenzi wa hadithi za kutisha wamelijua tangu kale: kwamba utanzu huu hupata nguvu zake pale unapopita sikioni.

Leo santuri imeipisha simu ya mkononi. Nchini Tanzania na Kenya simulizi za sauti, hasa zile za mauaji, majini na uchawi, zina wasikilizaji wengi, na hakuna mpaka wa nchi unaozizuia kuwafikia wasemaji wa Kiswahili wa Katanga. Mara nyingi starehe hii hutajwa kana kwamba ni kitu kipya kilicholetwa na mitambo. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kuitazama Panda, mojawapo ya komuni nne za mji wa Likasi, kwamba sikio la watu wa migodini lilizoea vya kutisha zamani, kabla ya chombo chochote cha kunasia sauti kupatikana nyumbani. Hoja yake ni moja. Masimulizi ya kutisha ya Katanga yalianza yakiwa habari za kuogopwa, yakageuka hadithi za kusikilizwa kwa raha, na kilichoyavusha kutoka upande mmoja hadi wa pili ni sauti. Kwa hiyo anayetaka kuyanasa leo hana budi kujua ni kitu gani kinaweza kupotea katika kuvuka huko.

Panda na watu wake

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli iliyotoka kusini ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, kisha ikaendelea kuelekea kwenye machimbo ya Kambove na Likasi. Katika miaka ya 1920 Panda ikawa mahali pa viwanda: hapo madini yalitenganishwa na mawe na kuyeyushwa. Jirani, huko Shituru, mtambo wa kusafishia shaba kwa umeme ulianza kazi mwaka 1929. Mji wenyewe ulipewa jina la Jadotville mwaka 1931, ukarudishiwa jina la Likasi mwaka 1966.

Wafanyakazi hawakuwa wa kabila moja. Walitoka Lomami, Maniema, Kasai, Ruanda-Urundi, na kutoka Rodeshia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliamua kuwatuliza watu wake mahali pamoja kwa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu waishi na wake na watoto wao. Ndipo kambi ya wafanyakazi ilipokuwa makao ya kweli, yenye posho, zahanati, shule, na macho ya msimamizi. Lugha iliyowakutanisha watu hawa ilikuwa Kiswahili, lakini Kiswahili kilichopata umbo lake hapohapo kambini, chenye watoto waliokinyonya pamoja na maziwa ya mama zao.

Yafaa kukumbuka jambo moja kuhusu kazi ya Panda. Tanuru la kuyeyushia shaba halizimwi jua linapokuchwa. Kazi huenda kwa zamu, na kila usiku wako watu wanaotoka majumbani mwao wakati wengine wanafunga milango. Katika mji wa namna hiyo, mtu anayetembea gizani ni jambo la kawaida, na sababu ya kutembea kwake haijulikani kwa kila anayemwona.

Batumbula: jina na kazi

Katika miaka ya 1940 ilienea katika miji ya migodi ya Katanga habari ya batumbula. Ilisemwa kwamba Wazungu huwatuma Waafrika wakati wa usiku kuwakamata watu, hasa wale wanaotembea peke yao. Kwamba waliokamatwa hufichwa na kunenepeshwa, kisha huchinjwa wakaliwa. Shaka hiyo iliiangukia hata nyama ya makopo. Rik Ceyssens aliiandikia makala mwaka 1975, akiiona kuwa ni ngano ya watu walioonewa.

Katanga haikuwa peke yake. Rodeshia ya Kaskazini walitajwa banyama tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kampala na Nairobi walitajwa bazimamoto au wazimamoto, Tanganyika wachinjachinja, na Léopoldville alitajwa mundele-mwinda, Mzungu mwenye taa. Pwani jina la zamani lilikuwa mumiani. Neno hilo asili yake ni dawa iliyoletwa kutoka Uajemi na Bara Hindi, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kuwa wengi waliiamini kuwa ni damu ya binadamu iliyoganda, hata uvumi wake ulipozuka watu waliogopa kutoka nje baada ya magharibi.

Umbo la neno batumbula linastahili kuangaliwa. Kiambishi ba- ni kile ambacho Kiswahili cha Katanga hukitumia mahali pa wa-. Mzizi wake ni uleule wa kutumbua katika Kiswahili sanifu, yaani kupasua kitu kilichojaa ili cha ndani kitoke. Kiswahili cha pwani kiliiacha sauti l ya katikati, ilhali lugha nyingi za Kibantu za bara zimeihifadhi, na Katanga ikafuata bara. Aidha neno hili limeundwa sawasawa na wazimamoto na wachinjachinja: ni kitenzi kilichopewa kiambishi cha watu. Majina haya matatu yanamtambulisha mtu kwa kazi anayoifanya, bila kutaja kabila lake wala sura yake. Batumbula ni watu wa kazi. Wana tajiri anayewatuma, wana saa zao na vifaa vyao, na pengine wana mshahara.

Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000, alionyesha kwamba masimulizi ya aina hii katika Afrika ya Mashariki na ya Kati yanazungumzia sana kazi na mamlaka ya kikoloni. Mfano wa Panda unaelekea huko. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma Jadotville na Élisabethville. Tarehe 9 ya mwezi huo askari waliwafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa michezo wa Élisabethville, na watu wengi wakafa. Kwa watu waliokuwa na tukio hilo masikioni mwao, kusema kwamba kuna nguvu inayowanenepesha watu kwa posho ili iwale hakukuwa mbali na mambo waliyoyaona. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo haidai kwamba kila uvumi ni kweli kama ulivyo. Inadai kwamba uvumi haukosi chanzo.

Jinsi sikio linavyotishwa

Kwa nini basi habari ya kuogopwa isikilizwe kwa raha? Jibu la kwanza ni usalama. Anayepita peke yake usiku hastareheshwi na habari ya batumbula. Aliyeketi ndani, mlango umefungwa, bega lake likigusa bega la nduguye, anaweza kuionja hofu bila kuinywa. Jibu la pili ni wakati. Kwa mjukuu aliyezaliwa baada ya mwaka 1967, wakati mali za Union Minière zilipokuwa zimechukuliwa na dola, kampuni ile ilikuwa jina la zamani. Alichoachiwa ni simulizi, na simulizi huombwa irudiwe.

Jibu la tatu linahusu namna sauti inavyofanya kazi. Msomaji wa kitabu huona kwa mkono wake kurasa zilizosalia, naye hujua kama mwisho uko karibu au mbali. Akitaka, hufunua kurasa za mbele akamjua muuaji. Msikilizaji hana kipimo hicho; yumo mikononi mwa anayesimulia. Zaidi ya hayo kusoma kunahitaji taa, na kusikiliza hakuhitaji. Katika jamii nyingi za Kibantu ni mwiko kuwasimulia watoto hadithi mchana, na mwiko huo, licha ya kulinda saa za kazi, unahakikisha kwamba hadithi ya usiku inasikika usikuni.

Lugha yenyewe ina vyombo vyake. Kiambishi a- cha nafsi ya tatu hakisemi kama aliyeingia ni mwanamume au mwanamke. Msimulizi wa Kiingereza au wa Kifaransa hulazimika kujitahidi sana ili kuificha jinsia ya mtu asiyejulikana. Msimulizi wa Kiswahili amekwisha kufichiwa na sarufi. Tena katika Kiswahili upatanisho wa kitenzi unaweza kusikika kabla ya jina la mtendaji. Msimulizi akiwa amesema alikuja, akapita, akasimama, halafu akasema likageuka, kiambishi kimoja tu kimewaambia wasikilizaji kwamba huyo waliyedhani ni mtu si mtu tena. Katika maandishi jicho la haraka laweza kuliruka badiliko hilo, bali sikio hulipata palepale. Kiswahili cha Katanga kimepunguza baadhi ya upatanisho wa ngeli, lakini kinatumia sana ngeli za ka- na tu- za kudunisha, ambazo lugha za jirani zinazo na ambazo Kiswahili sanifu hakina. Kitu kidogo kinachotembea gizani hupata kiambishi chake, na udogo huo wenyewe unaweza kutisha kuliko ukubwa.

Hatimaye kuna kitikio. Pwani mtambaji hutanguliza paukwa, naye hujibiwa pakawa. Kwa jibu hilo msikilizaji ametia sahihi yake: amekubali kuongozwa, na amemjulisha mtambaji kwamba yungali macho. Katika hadithi ya kutisha jibu la wasikilizaji hupima hofu. Mtambaji hodari husikia pumzi zinavyokwenda, akajua pa kunyamaza.

Maandishi na picha vinavyohitaji sauti

Mfano unaodhihirisha zaidi uhusiano wa maandishi na sauti katika Katanga haukutoka Likasi. Ulitoka Lubumbashi, mji unaofikiwa kutoka Likasi kwa barabara ya kilomita 120 hivi. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa nyumbani kilitoa maandishi yaliyoitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, yaliyokusanywa na André Yav. Ni historia ya mji ikisimuliwa na wale waliopika, waliofua na waliongoja mezani, nayo imeandikwa kwa Kiswahili cha Katanga bila kufuata tahajia yoyote ya shule. Maneno yameunganishwa pasipotarajiwa na kukatwa pasipotarajiwa, hata jicho lililozoea Kiswahili cha vitabu hushindwa kuyafuata.

Johannes Fabian, aliyeyachapisha maandishi hayo mwaka 1990 katika kitabu History from Below, alipata njia iliyo rahisi kuisema na nzito kwa maana. Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili hicho, aliyasoma yote kwa sauti, sauti ikanaswa, na maandishi mapya yakafanywa kutokana na sauti hiyo. Yaliposikika yalieleweka. Kwa maneno mengine, mojawapo ya vitabu muhimu vya Kiswahili cha Katanga kilikuwa kitabu cha kusikiliza tangu kilipoandikwa, ingawa kilivaa nguo ya karatasi.

Picha nazo zilihitaji sauti. Katika miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wa miji ya Katanga waliwauzia wafanyakazi picha za kutundika sebuleni, na iliyopendwa sana ilikuwa ile ya mamba muntu, kiumbe wa majini aliye nusu mwanamke, awezaye kumtajirisha mtu na kumtaka alipe. Picha hizo zilihesabiwa kuwa ukumbusho, na kazi ya ukumbusho ni kumfanya mtu aseme. Mgeni aliketi mbele ya mamba muntu, akauliza au akasimuliwa, na sebule ikageuka baraza ya hadithi.

Redio ilikuja kuimarisha mazoea hayo. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi liliigiza redioni, na baadaye katika televisheni, kwa Kiswahili cha Katanga. Michezo yake ilikuwa ya kuchekesha na kuonya zaidi kuliko kutisha, lakini inahusika hapa kwa sababu mbili. Kwanza, waigizaji hawakukariri maneno yaliyoandikwa. Walikubaliana mpango wa mchezo, wakaubuni usemi papo hapo. Pili, wasikilizaji walisikia chomboni lugha ileile waliyoizungumza uani. Ilithibitika kwamba sauti iliyopita mtamboni si lazima iwe sauti ya mbali.

Riwaya ya fumbo na Kiswahili cha nani

Wakati huohuo, upande wa mashariki, hadithi ya fumbo ilikuwa ikipata kitabu chake. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960, ilimleta Bwana Msa, mpelelezi wa Kizanzibari mwenye kiko. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ilifuata mwaka 1965. Katika riwaya ya Abdulla kinachotiwa hofu na watu, yaani mzimu, hatimaye hufafanuliwa kwa akili: kuna muuaji wa kibinadamu, na kuna sababu ya kibinadamu.

Katanga haikupata riwaya ya namna hiyo katika Kiswahili chake. Shule za misheni zilifundisha kile kilichoitwa Kiswahili bora, lugha ya katekisimu na ya vitabu vya kusomea, na aliyetaka kupanda zaidi alipanda kwa Kifaransa. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi Desemba 1941, mwezi uleule wa mgomo, na aliyefariki mwaka 2025, aliandika riwaya zake zote kwa Kifaransa. Hivyo mwenyeji wa Panda alikuwa na lugha tatu za kugawanyia maisha: Kifaransa cha ofisini na cha fasihi, Kiswahili bora cha kanisani na darasani, na Kiswahili cha nyumbani. Hofu ilibaki katika lugha ya tatu, nayo haikuandikwa.

Mgawanyo huo unaleta swali ambalo vitabu vya kusikiliza vimelifufua. Kijana wa Panda anayesikiliza leo simulizi ya kutisha kutoka Dar es Salaam anaielewa, tena anaifurahia. Lakini anaisikia hofu kwa wa-, kwa lafudhi ya darasani na ya nchi ya jirani. Maneno yanayosisimua mwili ni yale yaliyosikiwa kwanza utotoni, gizani, kutoka kwa mtu aliyekuwa karibu. Ni haki kusema kwamba Kiswahili sanifu kinaweza kumstarehesha kijana huyo. Kumrudisha katika usiku wa bibi yake ni kazi ambayo hakiwezi kuifanya peke yake.

Kuna hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Masimulizi ya batumbula yakinaswa kama hadithi za kutisha tu, pamoja na muziki wa kutetemesha na mlango unaolia, yatapendeza, na kupendeza kwake kutayageuza mazimwi kama mazimwi mengine. Msikilizaji hatajua kwamba waliosimulia kwanza walikuwa watu waliogoma na kupigwa risasi, waliopimwa uzito na kupewa posho na tajiri yuleyule, na kwamba jina la mnyama huyo lilikuwa jina la kazi. Starehe ingefuta shitaka. Kwa upande wa pili, mtafiti anayeyahifadhi kama ushahidi wa historia tu, akayakata pumzi, vicheko na vitikio, naye ameyapunguza, kwa maana yasingalifika kwake kama yasingalikuwa matamu kusikiliza. Shitaka lilisafiri ndani ya utamu.

Hitimisho

Imeonekana kwamba vitabu vya kusikiliza havikuikuta Panda ikiwa kavu. Viliikuta jamii ambayo maandishi yake mashuhuri husomeka kwa kusikiwa, ambayo picha zake hudai msimulizi, na ambayo hofu yake kuu ya karne ya 20 ilisafiri kwa mdomo kufuata njia za kazi na reli. Sarufi ya Kiswahili, kwa viambishi vyake vinavyoficha na kufichua, ilikuwa tayari kwa kazi hiyo.

Yanayopasa kufanywa si makubwa kupita uwezo wa chuo na redio za mji. Wasimulizi wa kambini wanaswe kwa Kiswahili chao, pasipo kuwasahihisha ba- iwe wa-. Wanaswe mbele ya wasikilizaji, ili kitikio nacho kiingie, kwa kuwa nusu ya hadithi imo mle. Na kila simulizi ya batumbula itakayotolewa ifuatane na maelezo mafupi yanayotaja kiwanda, zamu, posho na mwaka 1941. Waliozaliwa kambini wakati wa Vita Kuu ya Pili wana umri wa miaka themanini na zaidi. Tanuru laweza kuwashwa upya na mwekezaji mwingine. Msimulizi akinyamaza, hana wa kumwasha.